Pilau ya Bi Bachan: Hotuba juu ya Mgahawa wa Miaka Mia Moja mjini Bombay

Waheshimiwa wageni, wazee wetu, mama zangu na ndugu zangu wenye migahawa, Assalamu alaykum, na habari za asubuhi kwenu nyote.

Walioniita hapa waliniomba nizungumze juu ya mgahawa wa familia na namna unavyoweza kuvuka kutoka kizazi kimoja hadi kingine. Ningeweza kuchukua mfano wa hapa Unguja, lakini kila mgahawa wa hapa una jamaa zake ndani ya ukumbi huu, nami sitaki kumtaja mmoja nikamwacha mwingine. Nimechagua mgahawa ulioko ng'ambo ya bahari yetu hii hii, katika mji wa Bombay, ambao sasa jina lake rasmi ni Mumbai. Mji ambao majahazi ya mwambao yaliujua kabla hatujazaliwa, na ambao wengi wetu siku hizi tunaufikia tukiwa tumeshika bahasha za vipimo vya hospitali.

Mimi pia nilifika huko kwa safari ya namna hiyo, nikimsindikiza shangazi yangu kwa matibabu. Katika siku moja ambayo hakuwa na miadi na daktari, alisema amechoka na mchuzi wa hosteli, akaniomba nimtafutie mahali panapopikwa wali kwa heshima. Tukaelekezwa Ballard Estate, mtaa wa maofisi ulio ubavuni mwa bandari, wenye majengo ya mawe yaliyopangwa kwa utulivu na miti mikubwa inayotia kivuli barabarani. Mtaa huo ulijengwa na mamlaka ya bandari ya Bombay kati ya 1908 na 1914, juu ya ardhi iliyojazwa kifusi kilichochimbwa wakati wa kutengeneza gati, na majengo yake yalisanifiwa na George Wittet, msanifu yule yule aliyesanifu lango kubwa la Gateway of India. Hapo ndipo ulipo mgahawa uitwao Britannia & Co., ambao familia ya Kohinoor imeuendesha tangu 1923.

Ni mgahawa wa mchana tu. Usiku hauwashi taa zake, kwa sababu ulizaliwa kwa ajili ya makarani wa meli, mawakala wa bima na watu wa forodha waliotaka chakula cha adhuhuri kisha warudi kazini. Ndani kuna dari ndefu, feni zinazozunguka taratibu, viti vya mbao iliyopindwa kwa mvuke, na kuta ambazo rangi yake imebanduka bila mtu kuharakisha kuipaka upya. Picha zilizotundikwa zinawaweka pamoja Zarathustra, nabii wa dini ya kale ya Iran, Mahatma Gandhi na Malkia Elizabeth wa Uingereza. Shangazi yangu alizitazama picha hizo kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama orodha ya vyakula, kisha akasema kwamba wenye nyumba hii ni watu waliokaribishwa na wengi. Sikumwelewa siku ile. Baada ya kusoma habari za watu hao ndipo nilipomwelewa.

Waparsi ni wafuasi wa dini ya Zarathustra ambao mababu zao waliondoka Iran katika karne zilizofuata kuingia kwa dola ya Waarabu katika karne ya 7, wakavuka bahari hadi pwani ya Gujarat na kushukia mahali paitwapo Sanjan. Masimulizi yao, ambayo kila mtoto wa Kiparsi huyapata kwa bibi yake, yanasema kwamba mtawala wa huko aliwapelekea chombo kilichojaa maziwa hadi ukingoni, kuwaonyesha kwamba nchi haina nafasi tena. Kiongozi wao akatia sukari ndani ya maziwa yale, kwa uangalifu, yasimwagike hata tone, kuonyesha kwamba watakaa humo wakiongeza utamu bila kumwondoa mtu. Tangu hapo walichukua lugha ya Kigujarati na mavazi ya wanawake wa Kigujarati, na katika chungu walichanganya walichotoka nacho na walichokikuta: nyama pamoja na matunda makavu ya Iran, dengu na viungo vya India, nazi na samaki wa pwani.

Lakini familia ya Kohinoor ni ya wimbi la pili, na tofauti hii ina uzito katika ninayotaka kuyasema. Kuna Wazoroasta, yaani watu wa dini hiyo hiyo ya Zarathustra, waliobaki Iran kwa zaidi ya miaka elfu moja, hasa katika miji ya Yazd na Kerman, wakiishi kwa dhiki na kulipa jizya, kodi waliyotozwa wasio Waislamu. Mparsi mmoja kutoka Bombay, Manekji Limji Hataria, alitumwa huko 1854 kuwatetea, na juhudi zake na za wenzake zilizaa matunda 1882, jizya ilipofutwa. Hata hivyo umaskini haukufutwa pamoja nayo. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 wengi wao waliondoka kwenda Bombay, ambako ndugu zao Waparsi walikuwa tayari ni matajiri wa meli, viwanda na benki. Hawa waliochelewa kufika waliitwa Wairani, na kazi waliyoianza ilikuwa ni kuuza chai. Husemwa kwamba wafanyabiashara wa Kihindu waliogopa maduka ya pembeni, kwenye makutano ya barabara, kwa kuyaona yana nuksi, na hao wageni wakayachukua kwa kodi nafuu. Maduka ambayo kumbe yana milango pande mbili na wapita njia mara mbili. Mikahawa hiyo ya Kiirani, yenye chai ya maziwa na mkate mgumu uliopakwa siagi, ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo mjini Bombay ambapo watu wa dini na tabaka mbalimbali walikaa meza jirani na kunywa kutoka kwenye vikombe vya aina moja. Ilikuwa mamia; leo iliyobaki inahesabika kwa urahisi, na baadhi yake, kama Kyani & Co. wa 1904, imeupita umri wa Britannia.

Rashid Kohinoor alipofungua Britannia, wateja wake walikuwa maofisa wa Kiingereza na watu wa maofisini, na alichowapikia kilikuwa chakula cha Kizungu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jengo lilitwaliwa kwa matumizi ya jeshi na mgahawa ukasimama, kisha familia ikaurudia. Mwanawe, Boman Kohinoor, aliyezaliwa mwaka mmoja kabla ya mgahawa, aliingia kazini akiwa kijana na hakutoka hadi alipofariki Septemba 2019, akiwa na umri wa miaka 97. Hata katika miaka yake ya tisini alikuwa akipita meza kwa meza, akiwauliza wageni wametoka wapi na kuwashauri wale nini. Mwaka 2016 alikutana na mjukuu wa Malkia, William, pamoja na mkewe, walipozuru Bombay, na habari zake zikasambaa duniani kote. Nilipofika mimi alikuwa amekwishafariki, lakini wahudumu walikuwa bado wanamtaja kama mtu aliyetoka kidogo na atarudi.

Sasa ndugu zangu, nawaomba mnisikilize vizuri hapa. Jina lililoko mlangoni ni la mgahawa, na majina yanayoandikwa magazetini ni ya baba na mwana. Lakini watu wanaotoka mbali hadi Ballard Estate, wakasimama foleni juani, wanafuata kitu kimoja juu ya vyote, nacho ni pilau ya zereshki. Pilau hiyo haikuwapo 1923, wala 1950, wala 1970. Iliingia mgahawani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na aliyeiingiza ni Bachan, mke wa Boman, ambaye alikuwa ameishi na kufanya kazi Iran na huko akajifunza wali unaopikwa kwa zereshki.

Zereshki ni tunda dogo jekundu, dogo kuliko zabibu kavu, chachu sana, ambalo hukaushwa na kusafirishwa hasa kutoka Khorasan ya Kusini, mashariki mwa Iran. Huko Iran wali wake ni mtulivu: mchele, zafarani, siagi, kuku pembeni, na zereshki juu. Bi Bachan hakuuleta kama ulivyo. Alijua kwamba ulimi wa Bombay umezoea viungo vinavyosema kwa sauti, akauingiza wali ule katika mchuzi wa masala, akaficha nyama chini ya mchele, akamalizia juu kwa vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vya kahawia, korosho, na zereshki nyingi zinazong'aa kama shanga. Unapochota kijiko, utamu wa kitunguu hutangulia, mchuzi hufuata, kisha ile chachu hupasuka na kuusafisha ulimi, ukawa tayari kwa kijiko kingine. Shangazi yangu, ambaye kwa wiki mbili alikuwa anasukuma sahani mbele, alimaliza yake na kuanza kunitazama mimi.

Mgahawa huu leo husifiwa kuwa ni ngome ya chakula cha asili cha Kiparsi, na chakula chake kilicho maarufu kuliko vyote kina umri mdogo kuliko wengi wetu tuliomo humu. Kililetwa na mwanamke kutoka nchi ambayo mababu waliikimbia, kikarekebishwa kwa ladha ya nchi iliyowapokea, na katika muda wa kizazi kimoja kikawa asili. Sioni udanganyifu wowote hapo. Naona kwamba ndivyo chakula cha Waparsi kilivyotengenezwa tangu siku ya maziwa na sukari, na kwamba Bi Bachan alifanya jikoni kile ambacho jamii yake imekuwa ikikifanya tangu Sanjan. Ninachosikitikia ni kwamba tukiulizwa nani alijenga Britannia, jina lake huja la tatu, kama likija.

Nisiwafanye mdhani kwamba vyakula vya kale vimesahauliwa pale. Wanapika dansaki, ambayo kwa Waparsi ni kama mfalme wa Jumapili: nyama ya mbuzi au kondoo iliyopikwa pamoja na dengu za aina kadhaa, maboga, biringani na majani ya uwatu, vyote vikasagika hadi vikawa mchuzi mzito, vikaliwa na wali uliopikwa kwa sukari iliyounguzwa ukawa wa kahawia. Pembeni huwekwa kachumbari, nao wanaiita kwa jina linalokaribiana sana na letu, kwa kuwa neno hilo lilivuka bahari pamoja na watu. Dansaki hailiwi harusini wala siku ya furaha. Familia iliyofiwa hujizuia nyama kwa siku tatu, na siku ya nne huvunja mwiko huo kwa dansaki. Ndiyo maana hakuna Mparsi anayeipika siku ya kumpeleka mtoto mahari. Sisi wa mwambao, ambao tunajua chakula cha hitima na chakula cha harusi havipangwi kwa bahati, hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Kipo pia kile wanachokiita patra ni machhi, yaani samaki wa kwenye jani: kipande cha samaki hupakwa rojo ya nazi mbichi, kotmiri, pilipili mbichi na ndimu, kikafungwa katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Kilipofika mezani, shangazi alikifungua jani kwa ncha za vidole kama anayefungua barua, akanusa, akasema, "Huyu ni wa kwetu aliyesahau kurudi." Wapo pia nyama yenye mchuzi mzito iliyofunikwa na nyuzi za viazi vilivyokaangwa vikakauka, ambazo zilinikumbusha chipsi za muhogo juu ya urojo wetu, na mayai, ambayo Waparsi huyapasua juu ya karibu kila mboga iliyoko jikoni, kuanzia bamia hadi nyanya.

Na kwa kuwa nimetaja undugu, niseme kwamba Waparsi si wageni wa hadithi hapa Unguja. Waliishi nasi, wakawa makarani wa serikali, watu wa mahakama na wafanyabiashara, wakawa na hekalu lao la moto. Mtoto wao mmoja, Farrokh Bulsara, aliyezaliwa hapa Mji Mkongwe Septemba 1946 na ambaye baba yake alikuwa mtunza fedha wa serikali, dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury. Nairuzi yao, yaani mwaka wao mpya, na ile inayosherehekewa Makunduchi kila Julai, ambayo tunaiita Mwaka Kogwa, zina mzizi mmoja katika kalenda ya jua ya Iran. Familia nyingi ziliondoka baada ya 1964, na jikoni zao zikaondoka nazo. Nimewauliza wazee kadhaa wa Mji Mkongwe kama wanakumbuka harufu ya dansaki kutoka dirisha la jirani. Wawili walikumbuka, na mmoja akakumbuka hata jina la mama aliyekuwa anaipika.

Hapo ndipo panaponitia wasiwasi. Sensa ya India ya 1941 ilihesabu Waparsi wapatao 114,000. Ile ya 2011 ilihesabu 57,264, katika nchi ambayo watu wake wengine waliongezeka mara kadhaa. Wanaoa na kuolewa wakiwa wamechelewa, wengi hawaoi kabisa, wanazaa wachache, na vijana wao huhamia ng'ambo. Tena kuna jambo la nasaba. Katika hukumu ya 1908, Mahakama Kuu ya Bombay ilieleza nani ahesabiwe kuwa Mparsi: wazao wa wale wahamiaji wa kale, Wairani wa dini hiyo waliokuja baadaye, na watoto wa baba Mparsi aliyeoa nje, wakishaingizwa katika dini ipasavyo. Watoto wa mama Mparsi aliyeolewa nje hawakutajwa, na hadi leo jamii hiyo inavutana juu yao, mahakamani na nyumbani. Si kazi yangu kuwaamulia wenyewe katika dini yao. Lakini mimi ni mtu wa jikoni, na jikoni nimeona kwamba mapishi hufuata mikono ya mama. Wapo leo watoto wanaojua kipimo cha siki ya miwa katika mchuzi wa kamba, waliokipata kwa mama yao, na ambao hawahesabiwi katika ile namba ya 57,264.

Mikahawa ya Kiirani ya Bombay haikufungwa kwa kukosa wateja. Wateja wapo hadi barabarani. Ilifungwa kwa sababu kodi za majengo zilivurugika, warithi waligawana wakagombana, na vijana waliosomeshwa kwa faida ya chai hawakuona sababu ya kurudi kusimama nyuma ya kaunta saa kumi na mbili asubuhi. Siwalaumu. Kazi hii inachosha miguu na kuharibu mgongo, na kila mmoja wetu humu anajua hesabu ya siku ambayo chakula kilibaki. Watoto wa Mzee Boman walibaki, na kwa hilo nawapa heshima yangu yote, kwa sababu nina kisa cha kinyume chake ndani ya nyumba yetu.

Babu yangu alikuwa na mgahawa mdogo, na jina lake lilikuwa juu ya mlango kwa rangi ya bluu. Watu walifuata biriani ya Ijumaa, na walikuwa wakisema biriani ya Mzee fulani, wakitaja jina la babu. Babu hakuwahi kuishika ile sufuria. Aliyekuwa akichanganya masala alikuwa bibi, nyumbani, usiku wa Alhamisi, mlango ukiwa umefungwa, na asubuhi babu aliyachukua katika kopo la maziwa. Bibi alipofariki tulimaliza lile kopo katika wiki tatu. Baba yangu na ndugu zake walijaribu kukumbuka. Mmoja alisema kulikuwa na iliki zaidi, mwingine alisema ni mdalasini, wakagombana wazi wazi mbele ya wateja. Ndani ya mwaka mmoja ile rangi ya bluu ikapakwa juu yake rangi nyingine. Hatukuwa tumemuuliza hata siku moja. Tulikuwa tunamwambia kwamba chakula ni kitamu, naye alikuwa anatabasamu, tukadhani tumemaliza wajibu wetu.

Nilimsimulia shangazi kisa hiki pale pale mezani Britannia, ingawa alikijua kuliko mimi, kwa kuwa aliyefariki alikuwa mama yake. Akanyamaza kidogo. Kisha akaomba karatasi kwa mhudumu, akaandika kwa mkono uliokuwa unatetemeka kwa dawa vitu kumi na kimoja na kipimo cha kila kimoja. Alikuwa anayajua masala yale miaka yote. Wakati ndugu zake wanagombana hakuna aliyemgeukia kumuuliza, kwa sababu alikuwa ameolewa na kuhamia Pemba, na mgahawa ulikuwa mali ya wanaume.

Karatasi ile ninayo hapa mfukoni, ina doa la mchuzi wa Britannia kwenye pembe. Nimeshaipika biriani yake mara nne, na mara ya nne baba yangu, ambaye si mtu wa machozi, aliinuka mezani akaenda kusimama barazani.

Ndugu zangu, nimeona wenyeji wetu wameweka karatasi na kalamu mbele ya kila kiti. Nawaomba, kabla ya chai, kila mmoja aandike chakula kimoja ambacho watu hukifuata kwake, na chini yake aandike jina kamili la aliyekileta nyumbani mwenu, pamoja na alikokitoa. Kama hulijui jina hilo, simu unayo. Toka nje sasa hivi umpigie mtu anayelijua, sisi tutakusubiri. Yangu nimeshaiandika.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.